Zamu yangu ya kuchagua kitabu imefika, na wenzangu wanataka damu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 39, naishi Igombe, Mwanza, na shughuli yangu ni dagaa. Alfajiri mitumbwi ikifika nanunua, naanika, jioni naanua, na magunia yakitosha nayapeleka soko la Mwaloni pale Kirumba. Watu wanadhani ni kazi ya kukimbia kutwa. Kukimbia kupo asubuhi tu, na pale wingu linapochafuka. Dagaa wakishatandazwa kwenye vichanja, kilichobaki ni kuwageuza na kuwalinda na kunguru na mbuzi wa jirani. Hapo ndipo ninaposoma, mgongo kwenye jiwe, kanga kichwani. Halafu kuna zile siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala pwani, basi napata wiki nzima na ushee ya kusoma mpaka mume wangu ananung'unika kuhusu luku ya umeme.

Tuko wanawake saba hapa kwetu, tunasoma kitabu kimoja kila mbalamwezi, na kila mmoja ana zamu yake ya kuchagua. Wenzangu wanapenda vitabu vya kuuana. Ukurasa wa kwanza maiti, wa tatu hawara wa maiti, mwishoni polisi mwenyewe ndiye aliyeua. Sivibezi, navisoma vyote. Ila nikishafunga, kesho yake sikumbuki hata jina la mtu mmoja.

Ninachokipenda mimi ni kitabu alichoacha marehemu baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi: Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, nakala isiyo na jalada. Mtu anaacha kazi ya mjini, anakwenda kulima. Nimekisoma mara tatu. Nikikisoma napumua. Zamu yangu iliyopita nikawapa wenzangu hicho. Wawili waliishia katikati, na mmoja akaniuliza mbele ya wote, "Dada, sasa hapa tunasubiri nini kitokee?" Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani na donge. Mdogo wangu wa kiume naye ananiambia nasoma vitabu vya usingizi.

Sasa zamu imerudi. Naomba unitajie riwaya za zamani zenye mwendo wa utulivu, Kiswahili kwanza. Kiingereza nasoma, nilimaliza kidato cha nne, ila polepole na kwenye simu. Niliwahi kuanza riwaya moja nene ya Kiingereza iliyosifiwa sana, nikaiacha ukurasa wa 60, na mpaka leo naona aibu. Je, kasoro iko kwangu? Na hii zamu, nichague cha kuwafurahisha wao au ninachokipenda mimi?

Mwanika dagaa, Igombe


Marahaba, mwanangu. Barua yako imenijia na harufu ya Mwaloni mpaka nikafungua dirisha.

Nianze na huyo aliyekuuliza mnasubiri nini kitokee. Usimnunie, swali lake ni zuri kuliko maswali mengi niliyotunga mimi kwenye mitihani. Kuna vitabu vya zamani vilivyolala kwa sababu aliyeviandika alikuwa amelala, na jina kubwa kwenye jalada halimlazimishi mtu kupiga miayo kwa adabu. Kilichotulia ni kimoja, kilichokwama ni kingine. Mimi hupima hivi: nafungua katikati, natafuta mahali ambapo mtu anafanya kazi ya mikono. Anapika, anajenga, anasuka, chochote. Mwandishi akisema tu "akapika, wakala", najua ana haraka ya kufika kwingine, na pengine huko kwingine ndiko kuzuri. Akikaa nami jikoni mpaka nikajua kuni zilikuwa mbichi, na papo hapo nikawa nina wasiwasi nani atakula na nani atasusa, hicho nakibeba.

Kwa kipimo hicho, kitabu chako kiko ng'ambo ya maji unayoyatazama kila siku. Kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe. Nitangulize kwamba nami nimezaliwa kisiwani huko huko, kwa hiyo ukiona nasifu mno, punguza robo. Kitereza alizaliwa 1896. Riwaya yake aliimaliza 1945, akiwa ameiandika kwa Kikerewe. Wa kuichapa hakupatikana. Mzee akaketi akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House walipoitoa, kwa juzuu mbili, ilikuwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Watu wanaolalamika kuwa kitabu hiki kinakwenda polepole huwa nawauliza: na wachapaji je? Miaka 35!

Kisa chenyewe unaweza kukisimulia ukigeuza dagaa upande mmoja. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke wanaopendana, lakini hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanaanza kumsimanga mke. Habari zinafika kwao, na baba yake anakuja kumchukua binti yake. Myombekere anafunga safari ya ukweni kuomba mkewe. Ukweni hawamfukuzi, ila mke hatoki bure: kwanza alete pombe ya ndizi.

Hapo mwandishi mwenye haraka angesema akapeleka pombe, akarudishiwa mke, tuendelee. Lakini wewe mtu wa kanda hii unajua pombe ya ndizi haipikwi kwa sentensi moja. Ndizi zivundikwe ziive, zikamuliwe, zitiwe mtama, zingojwe zichachuke. Wa kusaidia waombwe, na kila anayeombwa asalimiwe kwanza kwa salamu zake zote, aulizwe habari za kwake, ajibu, naye aulize. Kitereza haruki hata hatua moja. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikuwa kijana, nikakasirika. Mara ya pili nilikuwa nimeoa, tena nimeshakwenda ukweni kuomba radhi kwa jambo ambalo si lenu, na zile kurasa za pombe zikanishika kooni. Maana kila kinachochelewa kwenye ile mitungi kinamchelewesha Bugonoka. Wewe unayekaa kutwa ukingoja jua limalize kazi yake hutahitaji kuelezwa.

Basi mwambie mwenzako mnachosubiri. Mnasubiri mke arudi nyumbani. Akisharudi, mnasubiri mtoto. Na angalia ujanja wa mzee: Ntulanalwo na Bulihwali ndio watoto wenyewe, mvulana na msichana, majina yao yapo kwenye jalada! Amekwambia mwisho kabla hujafungua, na bado utafungua. Vitabu vya maiti haviwezi kukufanyia hivyo. Ukishamjua muuaji, umebaki na karatasi.

Sasa kasoro zake, usije ukaniona nimekudanganya. Kuna kurasa ambazo hadithi inasimama kabisa ili mzee atueleze desturi, kana kwamba anaogopa zitapotea asipoziandika siku hiyo. Hofu yake naielewa. Hata hivyo, ukifika hapo ukachoka, ruka. Nimeruka mimi niliyezaliwa huko. Kiswahili chake pia si cha pwani. Kinatembea kwa miguu ya Kikerewe, sentensi ndefu, mahali pengine utarudia mara mbili. Soma kwa sauti, utaona kinanyooka.

Nakala ni adimu. Anzia maktaba ya mkoa hapo mjini, kisha pita kwa wauza vitabu vya mitumba, na ukipata mtu anayevuka kwenda Nansio, kule Ukerewe, mtume akaulizie kwa walimu wastaafu, maana ndio wanaovificha. Ipo tafsiri ya Kiingereza iliyotoka 2002, kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye ni mtoto wa Ukerewe na mwandishi wa riwaya. Lakini wewe soma Kiswahili cha mzee mwenyewe.

Kuhusu wenzako sita. Usiwape juzuu mbili kwa mbalamwezi moja, watakufukuza kikundini. Wape sehemu ya mwanzo tu, kuanzia masimango mpaka mke anaporudi. Siku ya kukutana usianze kwa kusema kitabu ni kizuri. Soma kwa sauti pale baba anapomchukua binti yake, halafu uliza: huyu baba alifanya haki? Mke hakugombana na mumewe, walikuwa wanapendana. Waliomtukana ni mawifi na mashemeji. Je, baba amchukue mtoto wake au amwache avumilie? Nawajua wanawake wa kanda hii. Mtakesha. Yule aliyeuliza swali ndiye atakayesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kwa hiyo hilo la kuchagua chako au chao nimeshalijibu. Chagua chako, ila waingize kwa mlango wao.

Atatokea mtu, pengine mdogo wako, atakwambia kama ni Ukerewe mbona usichukue Kezilahabi. Ni kweli, Euphrase Kezilahabi ni wa Namagondo, na Rosa Mistika, kilichotoka 1971, kinaanzia huko huko. Ni kitabu kikubwa. Lakini hicho si ziwa la asubuhi, ni ziwa la tufani. Baba mlevi, msichana aliyefungiwa kupita kiasi akaja kufunguka kupita kiasi, na mwisho utakaa nao siku tatu. Kitaje zamu ya mwenzako mmoja ikifika. Watakipenda, nawe utafurahi kuwa angalau maiti wa mwezi huo ana jina utakalolikumbuka.

Kingine cha Kiswahili kwa ajili yako ni Peponi. Hiyo ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili. Kijana Yusuf, hajafika hata miaka kumi na tatu, anaondoka kwao na mfanyabiashara tajiri anayemdhania ndugu wa ukoo. Anapofika kwenye duka la yule tajiri, kijana mwingine, Khalil, ndiye anayemfungua macho: yule si ndugu yako, wewe umetolewa kwa deni la baba yako. Jambo zito namna hiyo linasemwa kati ya shughuli za duka, bila ngoma wala kilio, na pembeni kuna bustani yenye ukuta ambayo Yusuf anaitamani. Baadaye kuna msafara wa biashara kwenda bara na mambo yanachafuka, lakini sauti ya mwandishi haipandi. Usitarajie faraja uliyoipata kwa Utubora. Utulivu huu una maumivu ndani yake.

Shaaban Robert mwingine? Najua utauliza. Kusadikika kina lugha ile ile unayoipenda, lakini karibu chote ni mashtaka na utetezi barazani, na kundi lako litaona limeitwa mkutano wa kijiji. Kisome peke yako. Kama ni sauti yake tu unayoitamani, tafuta Maisha Yangu. Si riwaya, ni habari zake mwenyewe, na si kinene.

Twende Kiingereza. Kwanza hiyo aibu ya ukurasa wa 60 itupe majini. Mimi kuna riwaya moja ya Kirusi nimeianza mara nne, na mara zote nne tumeachana salama. Kosa lako lilikuwa kuanza na nene. Riwaya za Kiingereza za karne ya 19 nyingi zilitolewa kwanza vipande vipande magazetini, au kwa juzuu tatu tatu, kwa hiyo unene ulikuwa biashara. Kuna nyembamba za wakati ule ule.

Jaribu Silas Marner cha George Eliot, cha 1861. Huyo George ni mwanamke, jina la kiume alilivaa. Silas ni mfuma nguo, mpweke, haoni vizuri kwa mbali, anafuma kutwa na usiku anahesabu sarafu zake za dhahabu. Usiku mmoja anakuta zimeibwa. Anatoka mbio kwenye mvua kwenda kilabuni walikokaa wanakijiji. Sasa tazama anachofanya mwandishi. Anamwacha Silas njiani, anatangulia yeye kilabuni, na sura nzima inayofuata ni wazee wanabishana. Wanaanza na ng'ombe. Mchinja nyama anasema lake, mganga wa farasi anapinga, mwenye kilabu anawapatanisha kwa kumwambia kila mmoja kuwa amesema kweli. Kutoka ng'ombe wanahamia kwaya, kutoka kwaya mizimu. Wewe unajua kuna mtu analowa nje, kapoteza kila kitu, na hawa wanazungumzia ng'ombe mwekundu! Sijui kitabu cha maiti kilichowahi kunikalisha roho juu kama ile sura ya sita. Baadaye mtoto mdogo mwenye nywele za rangi ya dhahabu anaingia nyumbani kwa Silas usiku wa baridi, na hapo sikwambii zaidi.

Kiingereza cha sura mbili tatu za mwanzo ni kigumu. Zisome kama mtu anayevuka matope, usisimame kutazama kila neno kwenye kamusi. Ukifika kilabuni njia inakauka.

Kuna kingine ambacho nadhani kiliandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi pwani ya maji, japo mwandishi wake hakujua Igombe ipo. The Country of the Pointed Firs cha Sarah Orne Jewett, Mmarekani, 1896. Mwanamke mwandishi anapanga chumba majira ya joto kwenye kijiji cha pwani, kwa mama mmoja anayechuma na kuuza dawa za miti shamba. Hakuna zaidi. Wanavuka kwenda kisiwani kumsalimia mama yake yule mganga, bibi aliyepita miaka themanini na bado mchangamfu kuliko binti yake. Wanachimba viazi vya chakula cha mchana. Kuna mzee mvuvi, Elijah Tilley, amefiwa na mkewe miaka minane, anaketi ndani kwake anasuka soksi kwa mikono yake na kueleza jinsi anavyoitunza nyumba vile vile mkewe alivyoiacha. Mvuvi anasuka soksi. Nilipofika hapo nilimkumbuka baba yangu akishona nyavu mlangoni baada ya mama kufariki, hasemi neno. Mazungumzo ya humo yameandikwa kwa lafudhi ya wavuvi wa kule, yatakusumbua mwanzoni. Ukiyatamka kwa sauti utayasikia.

Vyote viwili hakimiliki yake imekwisha, unaweza kuvipakua bure na kwa halali kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Ongeza ukubwa wa maandishi kwenye simu, na punguza mwanga kwa ajili ya yule anayenung'unikia luku.

Umeuliza kama kasoro iko kwako. Mtu anayesoma Utubora Mkulima mara tatu chini ya kanga, huku anafukuza kunguru, nimtafutie kasoro gani? Mdogo wako mwambie ajaribu kuanika dagaa kwa haraka, aone wateja watakavyomrudishia magunia.

Ombi langu moja. Nakala yangu ya juzuu ya kwanza ya Kitereza niliiazimisha zamani kwa mwalimu mwenzangu, haijarudi, na aliyenayo anajijua. Ina doa la chai kwenye jalada, na ukurasa wa mwanzo una hesabu za mbao nilizoandika kwa kalamu nyekundu. Ukiikuta kwenye meza za mitumba hapo mjini, inunue. Isome kwanza wewe na wenzako, halafu unipigie hodi.